Mwanao Hapangwi: Mwongozo kwa Mzazi wa Mchezaji, na kwa Mwalimu Wake

Orodha ya timu ikishabandikwa kwenye ubao wa matangazo, watoto waliokosa majina yao huisoma mara ya pili, safari hii wakianzia chini kwenda juu. Jioni yake simu ya mwalimu wa michezo huanza kuita. Wanaopiga wengi wana hoja moja: mtoto wa fulani kabebwa. Kuna siku ni kweli, na kuna siku mtoto wa fulani anajua tu mpira. Mwongozo huu ni wa mzazi anayetaka kuzitofautisha siku hizo mbili kabla hajanyanyua simu, na wa mwalimu aliyechoka kupigiwa.

Niseme msimamo wangu mapema. Upendeleo kwenye timu za watoto upo, tena mwingi, lakini kelele hazijawahi kuupunguza. Unapungua pale vigezo vinapotangazwa kabla ya timu kuchaguliwa na dakika zinapoandikwa baada ya mechi kuchezwa. Tena mzazi mwenye haki kabisa anaweza kumuumiza mwanawe kuliko benchi linavyomuumiza, kwa namna tu anavyoidai hiyo haki.

Timu inapatikanaje?

Anza hapa, maana malalamiko mengi hutoka kwa watu wasiojua timu ilivyoundwa. Kwa shule za msingi Tanzania Bara, safari ya mashindano ya UMITASHUMTA ni ya ngazi kwa ngazi: shule, kata, wilaya, mkoa, mpaka taifa. UMISSETA ya sekondari nayo inafuata njia kama hiyo. Kila ngazi timu huvunjwa na kuundwa upya kutokana na wale walioonekana, na kila ngazi watoto wengi zaidi hurudi nyumbani.

Kichujio chenye matundu ya ajabu kuliko yote ni cha kata. Uchaguzi hufanyika ndani ya muda mfupi, kwenye uwanja wa mojawapo ya shule hizo, na wanaochagua ni walimu wa shule hizohizo. Mwalimu mwenye wanafunzi wake sita uwanjani anawajua wote kwa majina. Wa shule ya jirani anawajua kwa rangi ya bukta. Ukimwuliza nani ana pumzi ya kumaliza kipindi cha pili, atamtaja anayemjua. Hajala rushwa na hana hila. Anachagua kwa kumbukumbu, na kumbukumbu yake imejaa watoto wake. Mtoto wa shule ya pembeni, aliyetembea kilomita kadhaa kufika uwanjani na kupewa dakika kumi za kujionyesha, anaachwa vilevile kama angeachwa kwa hila.

Kuna pia sababu nyingine za kuachwa ambazo hazihusiani na mpira hata kidogo. Simu ya mzazi haipatikani siku ya kuthibitisha ruhusa. Cheti cha kuzaliwa hakipo, au jina lililo kwenye cheti halifanani na lililoko shuleni. Mchango wa kambi umechelewa na mwalimu ameona aibu kuuliza mara ya tatu. Kabla hujauliza habari za namba, uliza habari za karatasi. Nenda shuleni wiki kadhaa kabla ya mashindano ukahakikishe mwanao ana kila kinachotakiwa, ili akiachwa ijulikane wazi kuwa ameachwa kwa ajili ya mchezo.

Kwenye akademi za kulipia mambo ni tofauti. Huko wazazi wengi huingia wakiamini kwamba ada ya mwezi imenunua namba. Isome fomu ya kujiunga. Mara nyingi kinachouzwa ni mazoezi, na mechi ni suala la kocha. Kama fomu haisemi lolote kuhusu dakika za kucheza, uliza siku ya kujiandikisha, mbele ya risiti, si miezi mitatu baadaye mbele ya uwanja mzima.

Je, ni upendeleo kweli?

Tafuta daftari dogo. Kila mechi andika tarehe, mpinzani, namba aliyocheza, dakika ya kuingia na ya kutoka, na mazoezi aliyohudhuria wiki hiyo. Mstari mmoja unatosha: "Jumamosi, dhidi ya shule ya jirani, aliingia dakika ya 48, winga ya kulia ingawa ni beki, mazoezi yalikuwa matatu, alikwenda mawili, Jumatano alikuwa kliniki." Andika ukiwa umetulia, na usiandike maoni. Baada ya mechi tano hivi, lisome lote kwa mara moja.

Daftari hilo litakuaibisha mara kwa mara, na ndiyo faida yake. Utagundua mtoto uliyeapa kwamba hachezi kabisa amecheza nusu ya dakika zote, au kwamba zile mechi tatu alizokaa nje zilifuata wiki ambazo hakwenda mazoezini kwa sababu ulimtuma dukani. Lakini pia linaweza kukuonyesha jambo ambalo macho peke yake hayawezi kulithibitisha: kwamba amehudhuria kila zoezi, anacheza namba yake vizuri, na bado anaingia dakika tano za mwisho mchezo ukiwa umekwisha.

Usipime upendeleo kwa kuangalia nani anacheza. Pima kwa kuangalia sheria inavyomgusa kila mmoja. Watoto wawili wakichelewa mazoezi, je, wote wanazungushwa uwanja? Wawili wakipoteza mpira uleule mbele ya goli, je, mmoja anatolewa na mwingine anapigiwa makofi ya "usijali, endelea"? Sheria inayobadilika kufuatana na jina la baba ndiyo mbeleko yenyewe. Mambo mengine yote yanaweza kuwa na maelezo.

Na upo upendeleo ambao hata kocha mwenyewe hajui kuwa anaufanya: wa kupenda watoto wakubwa. Mashindano ya umri yana tarehe ya kukatia, na kwenye soka la kimataifa tarehe hiyo ni 1 Januari. Kwa hiyo aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba ya mwaka huohuo wanahesabiwa umri mmoja, ingawa mmoja amemzidi mwenzake karibu miezi 12. Kwa mtu mzima miezi hiyo si kitu. Kwa mtoto wa miaka 11 ni urefu, ni kifua, ni mbio, na ni ujasiri wa kuomba mpira. Mwaka 1985 watafiti wa Canada waliokuwa wakichunguza magongo ya barafu walionyesha kwamba wachezaji waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka walikuwa wengi kupita kiasi kwenye timu za juu, na jambo hilohilo limeonekana baadaye kwenye soka la vijana katika nchi nyingi. Anayechaguliwa mapema hupata kocha bora, mechi nyingi na viatu. Miaka mitatu baadaye kweli anakuwa bora, na kila mtu anasema kipaji kilionekana toka utotoni.

Kama mwanao ni wa Novemba au Desemba na amekuwa mdogo wa mwili, haya ndiyo maneno ya kumwambia kocha: "Mwalimu, huyu ni wa mwisho wa mwaka, naomba umpime kwa anavyofikiri mpira, usimpime kwa kimo." Kocha mzuri atakuelewa. Mbwana Samatta, aliyechaguliwa mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 2015 kwa wanaocheza ndani ya bara, amezaliwa Desemba 1992. Simtaji ili umuahidi mwanao Ulaya. Namtaja ili usimkatie tamaa mtoto wa miaka 12 kwa sababu ya tarakimu za kwenye cheti.

Tarakimu hizo usiziguse pia. Wapo wazazi, na wapo makocha, wanaoona njia ya mkato: kumpunguzia mtoto miaka miwili. Vijeba tunawajua, wenye ndevu zilizonyolewa asubuhi ya mechi. Mbali na kwamba kila kijeba anayepangwa anamkalisha benchi mtoto wa umri halali, njia yenyewe imezidi kuwa nyembamba. Tangu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 la mwaka 2009 nchini Nigeria, FIFA imekuwa ikitumia picha za MRI za kifundo cha mkono kukagua umri. Na Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana wa umri huohuo, walikwenda fainali za Afrika za 2017 nchini Gabon kwa kuchukua nafasi ya Congo-Brazzaville, iliyoondolewa baada ya kushindwa kumpeleka mchezaji wake mmoja kupimwa umri. Tulishangilia siku ile. Basi tukumbuke kwamba umri uliochakachuliwa huandikwa kwenye usajili wa mitihani, kisha kitambulisho cha taifa, kisha pasipoti, na anayekuja kuhangaika nao ni mtoto, miaka 15 baada ya kombe lenyewe kusahaulika.

Namna ya kuzungumza na mwalimu

Usizungumze siku ya mechi. Usizungumze mstarini wala kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, ambako sentensi moja huzaa majibu 40 na hakuna hata moja linalomsaidia mtoto. Lala kwanza. Kesho yake au keshokutwa mwombe mwalimu nafasi ya dakika kumi.

Kabla ya hapo, mtoto aliyefika miaka 12 hivi atangulie mwenyewe. Mfundishe swali moja: "Mwalimu, nifanyie kazi nini ili nicheze zaidi?" Swali hilo likitoka kwa mchezaji lina uzito kuliko likitoka kwa mama yake, na kocha huwa analikumbuka siku ya kupanga. Akijibiwa vizuri, wewe huna haja ya kwenda.

Ikibidi uende, nenda ukiwa na lengo la kupata mambo mawili tu: kasoro na tarehe. Mazungumzo yenyewe yanaweza kuwa hivi:

"Habari za kazi, mwalimu."

"Nzuri, Mama Asha, karibu sana."

"Ahsante. Sikuja kwa habari ya mechi ya juzi. Asha ananiambia anatamani kucheza zaidi, nami nataka kujua afanyie kazi nini."

"Asha ana mbio, hilo halina ubishi. Ila akipata mpira anainama. Haoni mwenzake aliye wazi."

"Kwa hiyo akizoea kuinua kichwa, namba ipo?"

"Ipo. Tunacheza tena tarehe 14."

"Basi nitapita baada ya tarehe 14, mwalimu, uniambie kama umeona badiliko."

Angalia jinsi ambavyo hakuna mtoto mwingine aliyetajwa. Ukishasema tu "mbona mtoto wa mwenyekiti anacheza kila mechi", mazungumzo yamehama: sasa mwalimu anamtetea mtoto wa mwenyekiti, na Asha wako hayumo tena ndani ya chumba. Hata kama una uhakika na unalolisema, libaki moyoni. Silaha yako ni ile ahadi ya tarehe 14 na daftari lako. Tarehe ikipita, mtoto akawa ameinua kichwa na bado hapangwi bila maelezo, sasa una jambo la kupeleka mbele, tena lenye ushahidi.

Mbele ni wapi? Shule ya msingi ni kwa mwalimu mkuu, kisha kamati ya shule. Sekondari ni kwa mkuu wa shule, kisha bodi. Mambo ya timu ya kata au wilaya yanamhusu afisa michezo wa wilaya. Peleka karatasi, usipeleke hasira: mechi kadhaa, dakika, mahudhurio, na swali moja kuhusu utaratibu wa kuchagua. Mzazi anayeuliza "utaratibu ni upi" ni mgumu kumpuuza kuliko anayesema "mnatuonea". Na mkiwa wazazi watatu wenye madaftari matatu, mwalimu mkuu ataitisha kikao bila kuombwa.

Lakini yapo mambo yasiyongoja ngazi. Ukiombwa pesa ili mtoto aingie kwenye timu, hiyo ni rushwa, na TAKUKURU inapokea taarifa bure kwa namba 113. Mtoto akipigwa, akitishwa, akiitwa chumbani kwa mwalimu wakati wa kambi, au binti akidokezewa kwamba namba yake "inategemea", usianze kwa kumbembeleza kocha. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inaitambua rushwa ya ngono kuwa kosa. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Na kabla binti hajaondoka kwenda kambini, uliza matroni ni nani, analala wapi, na namba yake ya simu ni ipi. Mwalimu atakayekasirishwa na maswali hayo amekupa jibu la kutosha.

Shinikizo linaanzia nyumbani

Mzazi yule aliyesimama mstarini akipaza sauti "piga! toa! rudi nyuma!" anaamini anamsaidia mwanawe. Mtoto ana kocha mmoja anayemwambia abane katikati, na baba mmoja anayemwambia apande. Akimsikiliza baba, anatolewa. Akimsikiliza kocha, atasemwa njiani hadi nyumbani. Nimeona watoto wakichagua njia ya tatu, ya kukaa mbali na mpira ili wasikosee. Kocha anaandika "hajitumi", na baba anaandika "kocha hampendi".

Kisha kuna ile elfu mbili ya kila goli. Inaonekana motisha, lakini hebu fikiria anayeipokea. Mwenzake yuko wazi mbele ya goli, naye yuko karibu na kibendera cha kona. Pasi haina bei, shuti lina bei, kwa hiyo anapiga shuti. Kwenye netiboli mambo ni mabaya zaidi, maana kwa kanuni wanaoruhusiwa kufunga ni GS na GA peke yao. Binti anayecheza GD anaweza kuzuia mipira mechi nzima, akawa ndiye aliyeibeba timu, na asiambulie hata shilingi. Ndipo anaanza kulilia vesti ya GS, na mama yake anakwenda kumwambia mwalimu kwamba mwanawe "ameonewa namba". Kama ni lazima utoe zawadi, nunua soda ya timu nzima.

Njiani kurudi nyumbani, iwe kwenye daladala, bodaboda au gari lako, mwache aanze yeye. Akikaa kimya, kaeni kimya. Ulizia njaa, ulizia kifundo cha mguu, mechi itakuja yenyewe wakati anafua jezi. Wazazi wengi wanaona ni wakati mzuri wa kufundisha kwa sababu mtoto hawezi kutoka kwenye gari. Sababu hiyohiyo ndiyo inayoufanya kuwa wakati mbaya.

Jingine ni mwili. Mtoto akilalamika maumivu chini kidogo ya goti, pale kwenye mfupa wa mbele, katika umri wa kurefuka, hajidekezi. Ni jambo la kawaida kwa wachezaji wanaokua na linahitaji kupunguziwa mazoezi na kuonwa na mtaalamu wa afya. Usimpe vidonge acheze nusu fainali. Wataalamu wa tiba ya michezo wana kipimo rahisi: saa za mazoezi rasmi kwa wiki zisizidi idadi ya miaka ya mtoto. Mwenye miaka kumi, saa kumi. Weka humo akademi ya Jumamosi, timu ya shule, na yule kocha binafsi mliyempata mtaani, ujumlishe uone.

Umaskini nao una shinikizo lake, na sitaki kulisema kwa dharau. Ukiwa na kijana mmoja mwenye mguu na nyumba yenye madeni, ni vigumu kumwangalia akicheza bila kupiga hesabu. Hapo ndipo wanapoingia mawakala wenye maneno matamu, na ahadi ya majaribio Uturuki au Uarabuni kwa kijana wa miaka 15 baada ya familia kutoa "gharama za viza". Kanuni za uhamisho za FIFA zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa vighairi vichache vilivyoainishwa. Mtu akikuambia ana njia, mwambie aje nayo kwa maandishi mbele ya viongozi wa chama cha soka cha wilaya. Wengi hawarudi.

Na kabla hatujamnyooshea kidole mwalimu, tuangalie sebuleni kwetu. Kaka ana daluga mpya, dada anacheza peku. Kaka akitoka mazoezini anaoga na kula. Dada akitoka mazoezini anachota maji, anaosha vyombo, na jezi ya kaka anaifua yeye. Halafu anakosa mazoezi ya Alhamisi, anaachwa, na tunasema mwalimu ana upendeleo. Huyo binti alianza kukaa benchi nyumbani. Gawa kazi upya siku za mazoezi. Ni badiliko lisilohitaji ruhusa ya kocha yeyote.

Kama anayebebwa ni wako

Sehemu hii wazazi huiruka. Labda wewe ndiye uliyenunua jezi, au mwenyekiti wa kamati, au ndiye kocha mwenyewe. Mwanao hajaomba kubebwa, lakini wenzake wanamwita "mtoto wa mwalimu" na mazoezini hawampi pasi. Anajua, kuliko wewe unavyojua, kama namba yake ni halali.

Msaada ulionao ni wa kwenda kinyume na ulivyozoea. Akikosa mazoezi bila sababu, mwambie kocha mbele yake: "Mwalimu, sheria yako ni kwamba asiyekuja hachezi, naye hakuja." Ukitoa jezi au mipira, mkabidhi mwalimu mkuu, upate risiti, na mtoto wako asiwepo siku ya makabidhiano. Ukiwa kocha wa mwanao, mwachie msaidizi aamue kuhusu yeye tu: kuanza, kutoka, kupewa ukapteni, kupiga penalti. Na usiangukie upande wa pili, wa kumkaripia kuliko wote ili uonekane mwadilifu. Hilo nalo ni kumtofautisha, na watoto wa walimu wengi wameuacha mpira kwa sababu hiyo.

Kwa mwalimu wa michezo

Najua una vipindi 20 na zaidi kwa wiki, mpira mmoja wenye kiraka, na wanaokupongeza ni wachache. Bado hatua zifuatazo zinakupunguzia simu za jioni.

Bandika vigezo kabla ya majina: mahudhurio, nidhamu, uwezo katika namba anayocheza, umri halali. Siku ya majaribio wape watoto vesti za namba, mwombe mwalimu wa shule nyingine achague nawe bila kuambiwa majina, kisha mlinganishe orodha. Kwenye kata, kila shule ipewe dakika sawa za kuonekana, na mwalimu asiwe mwenye kauli ya mwisho juu ya wanafunzi wake. Waliokosa, waite uwaambie mmoja mmoja kabla hujabandika. Inachukua nusu saa, na ubao hautamwaibisha mtu. Daftari la dakika liwe lako pia. Mzazi akija na lake, mfungulie lako.

Timu za watoto wadogo zinahitaji zaidi ya hapo: kila aliyevaa jezi acheze angalau nusu ya mchezo. Najua utasema tutafungwa. Norway ina kanuni za michezo ya watoto tangu 1987. Huko matokeo na misimamo ya ligi hairuhusiwi kutangazwa kwa watoto wadogo mpaka mwaka wanaotimiza miaka 11, na ubingwa wa kitaifa haugombewi kabla ya miaka 13. Nchi hiyo yenye watu wanaozidi kidogo milioni tano iliongoza kwa medali kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya 2018 na ya 2022. Fedha wanazo na theluji wanayo, sawa, lakini kumchezesha kila mtoto hakujawazuia kushinda.

Mwanzoni mwa msimu ita wazazi nusu saa. Waambie wasimame upande mwingine wa uwanja, mbali na benchi, na kwamba malalamiko yanapokelewa siku moja baada ya mechi, si kabla. Ukiyasema haya mechi ya kwanza haijachezwa, hakuna atakayeona kwamba anasemwa yeye.

Akitaka kuacha

Ipo siku mtoto atasema amechoka. Usijibu siku hiyo. Mwulize kama amechoka na mchezo, na kocha, au na wewe. Akisita kwenye neno la tatu, umejua pa kuanzia. Kama ni kocha, na ngazi zote umeshazipanda, mhamishe, ila amalize msimu kwanza kama hadhuriki, kwa kuwa wenzake wanamtegemea. Kuhama shule kwa ajili ya namba ya mpira sikushauri. Kuhama akademi ni jambo la kawaida. Kama ni mchezo wenyewe, mwache ajaribu riadha, wavu au mpira wa mikono, au arudi kwenye chandimu ya mtaani, ambako timu hupangwa na watoto wenyewe. Wengi hurudi baada ya muda. Wasiorudi hawajaharibikiwa.

Akiondoka kwenye akademi, toa taarifa kwa maandishi, chukua nakala za fomu za usajili na barua ya kumruhusu ili asikwame atakakokwenda, na lipa deni la ada kama lipo. Usiage kwenye kundi la WhatsApp. Daluga ulizonunua ni zake. Jezi ya timu irudishwe, ikiwa imefuliwa, na airudishe mwenyewe kwa mkono wake amshukuru mwalimu, hata kama hakuwahi kuanza mechi moja.